Msaada: kupiga picha ndege na vipepeo Kigoma, mvua ndo zimeanza, naanzia wapi?

mwl_Zubeda

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada kwa wenye uzoefu.

Mimi ni mwalimu hapa Kigoma mjini, nimehamia mwaka huu kutoka Dar, na shuleni nimekabidhiwa klabu ya mazingira. Sasa mvua zimeanza na mmeona wenyewe mji ulivobadilika, majuzi tu vumbi na majani makavu, leo kila kichaka kimechipua na vipepeo wanaingia mpaka darasani, basi watoto wakaja na wazo kwamba jumamosi asubuhi tuwe tunatoka kwa miguu tunapiga picha za ndege na vipepeo alafu tunazichapisha tunazibandika ubaoni na majina yao. Mkuu wa shule kafurahi, wazazi wamefurahi, kazi ya kupiga picha nikaachiwa mimi.

Nilichonacho ni simu ya kawaida tu, na kamera ya Canon ya kizamani ambayo shemeji yangu aliniachia, ina lenzi mbili, ile fupi iliyokuja nayo na nyingine ndefu imeandikwa 75-300. Nimezunguka nayo ufukweni Katonga na kwenye michikichi ya njia ya Ujiji. Ndege wote wanatoka weusi tii, anga jeupe pee, huwezi kujua kama ni mwewe au njiwa. Vipepeo ndo kabisa, nikisogea tu keshaondoka nabaki na picha ya jani. Watoto wananicheka hawa.

Kwaiyo naomba kujua, sehemu gani nzuri ya kwenda na watoto kwa miguu bila gharama kubwa, saa ngapi, na ile kamera naiwekaje. Alafu kuna mwalimu mwenzangu kasema vipepeo dawa yao ni kuwakamata na kuwaweka kwenye friji kidogo wakipoa wanatulia unapiga picha unavotaka. Mi roho imesita. Ni kweli watu wanafanya ivo?

FundiPicha_Ujiji

Waalaykum salaam mwalimu, karibu Kigoma. Mi kazi yangu harusi na paspoti lakini ndege ni ugonjwa wangu wa asubuhi kabla sijafungua studio kwaiyo ntakwambia ninachokijua.

Kwanza acha saa za Dar. We umezoea saa kumi na mbili asubuhi kumeshakucha, huku saa hizo bado giza, sisi tuko magharibi kabisa ya nchi na saa tunatumia ile ile, mwezi huu wa kumi na moja jua linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu hivi, na kama una kilima nyuma yako subiri tena kidogo. Ukiwapanga watoto saa kumi na mbili mtakaa gizani mnaumwa na mbu. Mwanga mzuri ni kuanzia saa moja mpaka saa tatu, ikifika saa nne jua lishakuwa kali linapiga kutokea juu, ndege anakuwa na kivuli tumboni na rangi zinapauka, hapo rudini nyumbani mkanywe chai.

Pili ndo hiyo ya ndege weusi. Ziwa letu liko magharibi. Asubuhi ukisimama ufukweni ukaangalia ziwani jua liko mgongoni kwako na ndege anamulikwa usoni, unaona mpaka jicho. Jioni ni kinyume, watu wote wanakimbilia Katonga jioni kwa sababu jua linazama vizuri, sawa kwa picha za kumposti mchumba, ila kwa ndege unapiga dhidi ya jua na lazima atoke mweusi. Bila shaka we ulienda jioni baada ya kazi. Sasa nenda pale pale asubuhi uone.

Kamera fanya hivi, kile kidude cha kuzungusha juu weka Tv (we ndo unachagua kasi ya shata), shata weka 1/1000, ISO (usikivu wa mwanga) weka Auto, fokasi weka AI Servo (inamfuata ndege anavyosogea) na utumie doti ya katikati peke yake. Ndege akiwa kwenye anga jeupe tafuta alama ya +/- uongeze mwanga mpaka +1, anga litaungua kidogo si kitu, sisi tunamtaka ndege. Akiwa amekaa kwenye majani rudisha sifuri usije ukasahau. Hiyo 75-300 ukiivuta mpaka mwisho picha inalegea, ishie kama 250, na nyingi hazina kile cha kutuliza mtikisiko kwaiyo egemea mti au kaa chini viwiko juu ya magoti. Simu usivute zumu kwa vidole, piga tu alafu ukate baadae, na futa kioo cha nyuma na kitambaa maana simu inayokaa mfukoni ina mafuta mafuta picha zote zinakuwa na ukungu.

Friji sisemi kitu wataalamu wapo humu.

Lenzi_Ndefu

Fundi umempa moyo sana dada wa watu. Ukweli ni kwamba ndege bila lenzi ya 600mm unajisumbua, 300 ile ya kizamani utapata nukta. Atafute lenzi ya maana au aachane na ndege abaki na maua.

FundiPicha_Ujiji

@Lenzi_Ndefu kaka mwalimu ana klabu ya watoto hana tenda ya serikali. Lenzi hiyo bei yake ni bodaboda mpya na chenji usipate. Ndege wa kupigwa na 300 wapo wengi tu, ukijua wapi wanakaa wametulia.

Mwalimu sikiliza, usianze na ndege wa kufukuza. Tafuta wale mnana, wale wa njano wenye uso mweusi wanaosuka viota, huku wamejaa kwenye michikichi na kwenye miti iliyoinamia maji. Mvua zikianza ndo wanaanza ujenzi na hawana muda na binadamu. Simama umbali wa nyumba na barabara hivi, mwangalie dume, anatua kwenye jani la mchikichi anang'ata pembeni anaruka nalo unapasuka utepe mrefu, anarudi nao kwenye kiota anausokota kwa mdomo, anachomeka huku anavuta kule, anasuka mkeka kabisa yule, akimaliza ananing'inia chini ya mlango wa kiota anapiga mabawa kelele juu anaita jike lije likague. Jike likija likiingia likatoka bila kupendezwa basi, baada ya siku chache dume anakibomoa kiota kile kile anaanza upya. Hapo una ndege anayerudi sehemu moja asubuhi nzima, unaweka fokasi kwenye kiota unasubiri, hata mtoto wa fomu wani anapata picha.

Ila usikate majani kufungua uwazi mbele ya kiota. Nimeona watu wanafanya. Kunguru wanaangalia, ukiondoka wanaingia.

kijana_wa_Kibirizi

Mwewe je? Njoo mwaloni kwetu Kibirizi asubuhi dagaa wakianikwa, mwewe wanashuka mpaka karibu ya kichwa, akinamama wanawafukuza na matawi. Pale ukitaka ndege anayeruka utapata mpaka uchoke, anazunguka anarudi anazunguka. Shata 1/2000 lakini hiyo 1000 ya fundi kwa mwewe bado mabawa yanatoka na ukungu. Salimia kwanza akinamama alafu ndo utoe kamera usiingie tu unapiga watu na dagaa wao, wakikuzoea wenyewe watakwambia ticha yule pale anakuja.

Kuna na mdiria yule mweupe na mweusi, anasimama hewani juu ya maji anapiga mabawa kichwa kimetulia kabisa alafu anadondoka kichwa chini. Huyo mpige akiwa amesimama hewani, akishadondoka umechelewa.

Usielekeze kamera bandarini, wala stesheni, wala sehemu yoyote ya jeshi, hata kama ndege kakaa pale. Mi jamaa yangu alikaa nusu siku anaelezea kunguru.

mwl_Zubeda

😂😂 asanteni sana. Kweli nilienda jioni fundi, umejuaje. Na nimeangalia kamera hiyo Tv ipo. Vipepeo sasa jamani, na friji.

Bailojia_Mstaafu

Mwalimu mwenzangu shikamoo yangu naipokea maana najua ungenipa. Nilifundisha bailojia miaka mingi sekondari, nimestaafu niko Kasulu na bustani yangu.

La friji mwambie mwenzako aache. Bawa la kipepeo limefunikwa na vigamba vidogo sana, ile unga unga inayobaki kidoleni ukimshika ndiyo rangi yenyewe na haioti tena. Halafu watoto watajifunza nini, kwamba kiumbe akikusumbua unamgandisha? Na picha yenyewe inadanganya, kipepeo aliyepoa anakaa amelegea miguu haishiki jani sawasawa, mwenye macho anaona. Unachotaka wewe ni ubaridi wa asubuhi, na huo unatolewa bure. Kipepeo hana joto lake mwenyewe la kutosha, asubuhi misuli ya mabawa haijapata moto hawezi kuruka vizuri, kwa hiyo jua la kwanza likipiga anatoka anakaa juu ya jani upande wa jua anafungua mabawa yote anaota. Hiyo nusu saa ndiyo yako. Inakuja vilevile baada ya mvua, mawingu yakifunguka ghafla utawaona wanaibuka vichakani wanaanika mabawa.

Sasa kumkaribia. Vipepeo wanaona mjongeo na kivuli kuliko wanavyoona umbo la mtu. Ukija haraka anaondoka, kivuli chako kikimpita anaondoka. Njoo polepole kutoka upande ambao kivuli kinaangukia nyuma yako au pembeni, ukiwa umeinama, usinyanyue mkono wa kamera ukiwa umeshafika, uwe umeshaunyanyua toka mbali. Na hiyo lenzi ya 75-300 haishiki fokasi ukiwa karibu zaidi ya mita moja na nusu, hilo ni jambo zuri kwako, huna haja ya kumsogelea mpaka akimbie, kaa hapo mita moja na nusu vuta lenzi. Hakikisha kioo cha lenzi kinatazamana na bawa sawa kwa sawa, akiwa amefunga mabawa piga kutoka ubavuni, akiwa amefungua piga kutoka juu, ukienda mshazari ncha moja itakuwa kali na nyingine ukungu.

Lakini jambo kubwa ninalotaka ulishike ni kwamba usimfuate kipepeo, mfuate anachokula. Mtu anayemfukuza kipepeo porini anachoka yeye. Nenda sehemu tatu hizi.

Kwanza mchanga mbichi. Pale watu wanapovukia kijito, ng'ombe wanapokunywa, hata pembeni ya bomba linalovuja. Jua likishapanda kidogo utawakuta wamekaa makundi wanafyonza tope, weupe na wa njano wale wadogo wengi, na wakubwa wachache. Karibu wote ni madume. Maua yana sukari lakini chumvi kidogo sana, kwa hiyo dume anafyonza chumvi kwenye tope na sehemu ya ile chumvi anampa jike wakati wa kujamiiana inakwenda kwenye mayai. Akiwa ameshachomeka mrija wake mchangani anakuwa mzito wa kuondoka, hapo hata kwa simu unalala kifudifudi unapiga. Kama hamna kundi, tengenezeni, mwagieni mchanga maji ya chumvi asubuhi mtakayopita mkirudi. Mkojo unafanya kazi vizuri zaidi, wavulana wa klabu yako watajitolea.

Pili matunda yaliyooza. Sasa hivi ni msimu wa maembe na mnayaona yanavyolala chini Ujiji yote. Kuna wale vipepeo wakubwa wanene, wana mikia miwili midogo kila bawa la nyuma, wanaruka kwa nguvu mpaka unasikia, wale maua hawana habari nayo kabisa, wanataka embe lililoanza kuchacha, utomvu wa mti, na samahani, mavi. Ndizi iliyoiva sana ukaiponda na pombe kidogo ukaiacha siku moja kwenye jua ndiyo mtego wenyewe. Wakishanywa wanalewa na unaweza kuwapiga picha mpaka upande wa chini wa bawa, ambao ndio wenye michoro ya ajabu. Pombe ununue wewe siyo wanafunzi.

Tatu mlimau au mchungwa wa nyumbani. Yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano anataga pale. Mkague majani machanga, kiwavi akiwa mdogo ana rangi ya kahawia na nyeupe utasema ndege kajisaidia juu ya jani, ndiyo kinga yake hiyo, akikua anakuwa kijani. Mguse kidogo na kijiti, nyuma ya kichwa inachomoka pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Watoto hawatakusahau. Na kiwavi haruki, kwa hiyo yule mwanafunzi asiye na subira mpe kazi hiyo.

Kipepeo wa kwanza wa kujifunzia nawapendekezea yule wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi na madoa meupe, yuko kila mahali, anaruka taratibu bila wasiwasi kwa sababu ni mchungu, alipokuwa kiwavi alikula mimea yenye sumu na ndege aliyemwonja mara moja hamrudii. Halafu wakishapata picha nyingi zake uwaambie wazipange waangalie vizuri bawa la nyuma, huwa lina vidoti vyeusi vitatu vinne katikati. Ambaye ana kimoja tu kwa juu huenda siyo yeye, ni jike la jamii nyingine kabisa lisilo na sumu linalomuigiza, na dume lake ni jeusi lenye madoa makubwa meupe hata halifanani nalo. Hilo somo moja linakutosha muhula mzima.

Lenzi_Ndefu

Mzee hii ya kidoti sikuwa naijua nimeenda kuangalia picha zangu, ninayo mmoja wa kidoti kimoja. Heshima yako.

Ngosha_Isevya

Mwangaluka wana Kigoma. Huku Tabora hatuna ziwa ila ndege tunao na naona mmekaa kwenye maji tu. Mwalimu siku ukiwapeleka watoto kwenye miyombo, hata huko kwenu njia ya Kasulu ipo, sheria ya mzee ya kukaa sehemu moja haifanyi kazi. Kwa vipepeo sawa namkubalia. Kwa ndege wa miyombo ukikaa sehemu moja utakaa na ndorobo wako.

Kule ndege wanatembea kwa kundi la mchanganyiko, aina kumi mpaka zaidi pamoja, wadogo wa juu kwenye majani, wengine kwenye gome, wengine chini, na yule mweusi wa mkia wa panda akiwa kama mlinzi anapiga kelele. Unaweza kutembea saa zima msitu kimya hamna kitu ukasema hapa pamekufa, alafu ghafla miti mitatu imejaa ndege wanahama mti kwa mti. Hapo usisimame kushangaa wa kwanza, angalia wanaelekea wapi, zunguka kwa mbali uwatangulie mti mmoja mbele, usimame na jua mgongoni, waje wenyewe. Wakishapita wamepita, tafuta kundi jingine.

Na msijidanganye kwamba mpaka mvua. Miyombo inachipua kabla ya mvua, mwisho wa mwezi wa tisa na wa kumi hivi msitu unakuwa mwekundu na rangi ya shaba majani machanga yale, ndo mandhari nzuri kuliko zote kwa picha maana nyuma ya ndege kuna rangi badala ya anga jeupe. Kwa mwaka huu mmechelewa, wekeni kwenye kalenda ya mwakani. Mvua nazo zina wake, madume ya fumbwe yanavaa mikia mirefu, wale wa kwenye matete na mpunga wanakuwa wekundu na weusi, na keremkerem wa Ulaya wanapita, toka mwezi wa kumi mpaka kama wa nne, wanakaa kwenye nyaya za umeme wanakamata nyuki wanampiga nyuki kwenye waya mpaka mwiba utoke. Warina asali hawawapendi.

Mkipata mrina asali wa kuwatembeza shikeni huyo huyo. Ndege yule wa asali akimuona mtu anakuja karibu anapiga kelele anaruka mti wa mbele anasubiri, akiruka unaona manyoya meupe pembeni ya mkia. Mtu asiyejua anaona kandege ka kijivu kanapiga kelele hakapigi picha. Mrina anajua anamuitikia kwa mluzi na ndege anawapeleka mpaka kwenye mti wenye nyuki, hapo kila mti anaotua unapata picha. Ila mkifika msije mkafungua mzinga na watoto!

Nguo, msivae bluu iliyokoza wala nyeusi. Ndorobo wanaipenda rangi hiyo, mitego yao yenyewe inashonwa kwa vitambaa vya bluu na nyeusi. Kama sweta la shule ni bluu liacheni nyumbani.

mwl_Zubeda

Sweta letu ni bluu 😭. Asante kaka Ngosha. Kuna programu ya simu kanielekeza binamu yangu inaitwa Merlin, anasema unaicheza sauti ya ndege kwa spika na yeye anakuja mwenyewe, hiyo vipi?

Ngosha_Isevya

Merlin nzuri sana ila siyo kwa kazi hiyo. Itumie kusikiliza, unairekodishia inakusaidia kukisia huyu anayelia ni nani, ukishapakua pakiti ya eneo lako inafanya kazi hata bila bando. Sasa hivi ni msimu wa kutaga, ukimchezea dume sauti ya dume mwenzie anadhani kaingiliwa kwake anaacha kiota anakuja kutafuta ugomvi na spika. Darasa zima mkifanya ivo kila jumamosi pale pale mtamhamisha. Kwa vipepeo na wadudu wekeni iNaturalist, unapandisha picha na mahali, watu wengine wanakusaidia jina. Majina ya ubaoni utayapata hapo, ya Kiswahili wazee wa mtaani wanayajua mengi waulizeni na yaandikwe pia.

Lenzi_Ndefu

Mi natumia sauti mara moja moja na sijaona ndege aliyehama.

Ngosha_Isevya

Ungemuonaje kama kahama.

mkulima_Luiche

Nimesoma toka juu mmesahau Luiche. Delta ya mto Luiche kule kusini ya Ujiji, mashamba ya mpunga, yangeyange wapo, wale wekundu na weusi aliosema mnyamwezi wapo kwenye mabua ukifika saa moja asubuhi dume linajitutumua manyoya linaruka juu linashuka, dudumizi anasikika kila kona na wazee wanasema akilia ivo mvua ipo. Mwewe sijui tai mweupe na mweusi wapo pia kwenye michikichi, na hapo niwarekebishe watu, siyo wote ni tai mla samaki. Tai mla samaki tumbo na mabega ni ya kahawia nyekundu, uso wa njano. Yule mwenye tumbo jeupe mpaka chini na ngozi nyekundu kuzunguka jicho ni mwingine, huyo anakula chikichi, ndio tai anakula matunda, kwetu huku tunamuona kwenye michikichi anabandua moja moja anashika na mguu. Mwalimu ukimpata huyo akiwa na chikichi mdomoni kandike ubaoni kwa herufi kubwa maana watu wa Dar hawatakuamini.

Ila kwa watoto, tembeeni kwenye majaruba na njia za mashamba tu, msishuke kwenye matete ya mdomoni kwa mto. Mamba wapo. Muulizeni mvuvi au mwenye shamba kwanza na msikanyage miche, sasa hivi watu wanapanda.

mwl_Zubeda

Nashukuru sana jamani kuliko mnavodhani. Gombe je, tukikusanya michango?

kijana_wa_Kibirizi

Gombe boti zinatokea kwetu, ni kilomita kama 16 tu kaskazini lakini kwa boti ya abiria ni muda mrefu inasimama kila kijiji. Kule ni hifadhi toka 1968, lazima kulipia na kutembea na muongozaji, na wote wanakimbilia sokwe. Kwa vipepeo njia za mabondeni pembeni ya vijito ni balaa. Lakini watoto wengi muombe kibali mapema shule iandike barua. Mi ningeanza na Luiche mpaka wajue kutulia, kundi la watoto wanaopiga kelele hata sokwe ataondoka.

FundiPicha_Ujiji

Nakubaliana. Jumamosi hii nina harusi jioni tu, asubuhi niko huru, nakuja na darubini, watoto wa simu watabandika kioo cha simu kwenye tundu la darubini wapige, inatoka vizuri ukitulia. Tukutane Ujiji saa kumi na mbili na nusu, pale mnara wa Livingstone kwenye miembe, tuanze na hayo maembe ya chini kabla hayajafagiliwa alafu tushuke Luiche. Watoto wasizidi kumi na tano, wengine wiki ijayo. Na walimu wawe wawili.

mwl_Zubeda

Inshallah tutakuwepo. Memori kadi yangu ni ya 16 inatosha?

FundiPicha_Ujiji

Inatosha. Betri ndo chaji usiku kucha, na futa zile picha za majani.